Ndani ya gari krimu kwenda nyeusi: rangi gani inashika kwenye vinaili bila kubanduka?

MpigaGia
Wakuu, salaam. Nina Toyota Premio ya 2004, ndani krimu tupu: dashibodi, milango, konso ya katikati, na viti vilishavalishwa leza ya krimu. Pale pa kuegemeza mkono mlangoni pameshika weusi usiosikia sabuni. Nataka kuhamia nyeusi kabisa. Fundi mmoja anasema apulize rangi ya bodi, mwingine anasema rangi ya viatu inatosha. Duka la vipuri wana spray ya kopo iliyoandikwa ya vinaili (ile plastiki laini inayofanana na ngozi) na plastiki. Ipi inafaa, makopo mangapi, na kwa nini nyingi za mtaani zinabanduka mapema? Ushauri wa "uza ununue nyingine" naomba mniachie.

FundiNdani
Chukua ya kopo la vinaili, mkuu. Rangi ya bodi ikikauka inakuwa ngumu, na vinaili inabonyea kila unapoegemea, kwa hiyo lazima ipasuke, kisha ibanduke vipande vipande. Rangi ya viatu ndiyo usiiguse kabisa. Ile ni nta; jua la saa nane likiipata inalainika na kuhamia kwenye shati la abiria. Ya vinaili nayo haizami ndani kama rangi ya batiki. Ni tabaka jembamba lenye kiyeyusho kinacholainisha uso wa vinaili kidogo, rangi ikashikana nao na kupinda pamoja nao.

Zinazobanduka mtaani, nyingi kosa si la rangi. Ni ile dawa ya kung'arisha dashibodi wanayopaka car wash kila wiki. Ina silikoni, na silikoni hairuhusu rangi ishike. Utaiona siku hiyohiyo: rangi ikitua inajikusanya na kuacha vitundu vya mviringo kama macho ya samaki. Ukiona hivyo acha kupuliza, maana kuongeza rangi juu yake hakuzibi kitu. Futa yote, anza upya.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye kuosha. Fungua paneli za milango, usipulizie zikiwa garini. Skrubu huwa zimefichwa nyuma ya kitasa cha ndani na kwenye kishikio cha kuvutia mlango. Ukishazitoa, achia klipu kuanzia chini ukizunguka, kisha inua paneli kwenda juu itoke kwenye ukingo wa kioo. Chomoa soketi za swichi kabla hujaivuta mbali. Nunua klipu kumi za akiba, za zamani zinakatika tu.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi ya nailoni, ukifuata vinyweleo vya vinaili mpaka povu litoke jeupe. Suuza, acha ikauke, kisha sugua taratibu kwa sponji ya kijivu ya msasa laini. Lengo ni kuondoa mng'ao tu. Usisugue hadi michoro ya ngozi ipotee. Malizia kwa spiriti kwenye kitambaa cheupe, ukigeuza upande safi kila mara. Petroli inaacha mafuta, na thina inayeyusha uso, hivyo vyote viwili viache. Kupima ni rahisi: nyunyiza maji. Yakitandaa, umemaliza. Yakisimama matone matone, silikoni bado ipo, rudi kwenye sabuni.

Kupuliza: tikisa kopo dakika mbili tangu usikie gololi, shika sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye paneli, anza nje ya ukingo na umalizie nje ya ukingo. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, krimu bado ionekane kwa wingi. Hapo ndipo watu wanakosa uvumilivu: wanataka ifunike mara moja, inachuruzika na kujaza vinyweleo, paneli inafanana na ndoo ya plastiki. Subiri dakika 10, rudia. Krimu kwenda nyeusi mikono mitatu au minne inafunika. Ingekuwa nyeusi kwenda krimu ningekuambia uache.

Kopo moja kadiria paneli mbili za mbele. Milango yote minne, konso na dashibodi, nunua matano, yote ya toleo moja.

Mtaalamu_wa_Plastiki
Naongeza moja kwa FundiNdani. Paneli ya mlango si kitu kimoja. Juu na pa kuegemeza mkono ni vinaili laini, lakini chini kwenye mfuko na spika mara nyingi ni plastiki ngumu. Geuza paneli usome alama nyuma. Ukikuta >PP<, hiyo ni polipropilini, na rangi haiishiki yenyewe hata uioshe vipi. Inabanduka kwa ukucha. Hiyo sehemu ipate kwanza praima ya plastiki (ya kushikisha rangi), ile isiyo na rangi, mkono mmoja au miwili myembamba, kisha rangi ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ikikauka kupita muda huo haina kazi tena. Kwenye vinaili yenyewe usiweke, haihitajiki na inaongeza unene bure.

Kama hapo katikati pana kitambaa, kizibe kwa masking tepu na gazeti. Rangi hii inafanya kitambaa kikauke kama turubai.

Dashibodi chagua isiyong'aa. Nyeusi yenye mng'ao inarudisha mwanga kwenye kioo cha mbele, na mchana utaendesha ukiangalia kivuli cha dashibodi yako. Ujue pia nyeusi inakula joto kuliko krimu.

Ukija kubadili mawazo ukataka rangi ya kiwandani, tazama kibati cha gari ndani ya boneti, mstari wa C/TR. Kabla ya mkwaju (/) ni rangi ya bodi, baada yake ni ya ndani.

Mama_Karakana
Ndugu, viti usivipulize kwa kopo. Mlangoni unaegemea, kwenye kiti unakalia, unateleza na jinzi kila unaposhuka. Pembeni pa kiti cha dereva ndipo patatoka kwanza, krimu itachungulia. Leza ikiwa nzima kuna rangi ya maji ya leza inayochanganywa na kigumishi, hupakwa kwa sponji au bunduki ndogo kwa tabaka nyembamba. Leza ikiwa imeshapasuka, mpe fundi wa viti avalishe upya nyeusi. Rangi haizibi nyufa.

Usukani acha. Jasho na mafuta ya mikono vitaufanya unate. Shona kava.

Na jambo ambalo hawakuligusa: kifuniko cha eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) ya abiria kwenye dashibodi kina mstari wa kuchanika ili mfuko utoke. Ukikipuliza, iwe ukungu mwembamba sana, usijaze mstari, na usiweke pati hapo hata kidogo. Kabla ya kugusa soketi yoyote ya njano, ndizo za eabegi, toa waya wa hasi wa betri na usubiri. Toyota wanasema angalau sekunde 90. Mikanda ifunike kabisa, viyeyusho visiguse nyuzi zake.

MpigaGia
Nimewasoma wakuu. Nimejaribu kwenye kifuniko cha fyuzi, mkono wa pili umekauka ukiwa na weupe kama vumbi, na nilisafisha vizuri. Niko Tanga, mvua imekatika asubuhi.

FundiNdani
Huo ni unyevu, si uchafu. Kiyeyusho kikiruka kinapoza uso ghafla, mvuke wa hewa unatua juu ya rangi mbichi na kunasa. Pwani msimu wa mvua puliza kuanzia saa nne hadi saa tisa siku ya jua, chini ya kivuli penye hewa, si juani kwenyewe, maana huko rangi inakauka kabla ya kutua na kuacha ukwaru. Hicho kifuniko kiweke mahali pakavu, weupe ukibaki kipige ukungu mmoja mwepesi siku kavu. Mara nyingi kiyeyusho kipya kinaulainisha na weupe unaondoka. Vaa barakoa yenye kichungi cha mvuke, ya kitambaa haizuii kitu.

Paneli zirudishe siku inayofuata, usioshe kwa wiki nzima, na waambie car wash wafute kwa kitambaa cha maji tu.