Pua ya kushoto imeziba miaka, naambiwa ukuta umepinda. Msaada wakuu

kijana_uyole
Habari zenu wakuu. Niko Uyole hapa Mbeya, miaka 26. Nikiwa kidato cha pili nilipigwa kiwiko cha pua uwanjani na tangu hapo tundu la kushoto halipitishi hewa vizuri, sasa baridi hii ya mwezi wa saba ndo balaa, nalala mdomo wazi naamka koo limekauka, mke wangu anahamia kwa watoto kwa jinsi ninavyokoroma. Matone ya kuzibua pua nimenunua duka la dawa miezi minne mfululizo, mwanzo nilikuwa naweka usiku tu, saivi masaa matatu yakipita bila kuweka sipumui kabisa. Juzi daktari kanimulika akasema ukuta wa katikati umepinda. Upasuaji naogopa jamani, kuna aliyepitia?

mama_makambako
Pole sana mdogo wangu. Mimi nilifanyiwa, huu mwaka wa pili. Wanapitia humohumo tunduni, usoni hakuna kovu, na unalazwa usingizi husikii kitu. Ukuta ule mbele ni gegedu nyuma ni mfupa, wananyoosha na kutoa kile kipande kilichopinda tu. Ila nikuambie ukweli, wiki ya kwanza nililia, waliniwekea vibao laini ndani na pua ikaziba kuliko hata nilivyoenda, nikajua wameniharibu kumbe ni uvimbe. Hewa ya kweli niliipata baada ya kama miezi mitatu hivi.

nesi_iringa
Kaka, kabla ya kisu tuongelee hayo matone. Yale yanabana mishipa ya damu, ukipitisha siku 3 hadi 5 pua inageuka, dawa ikiisha nguvu vinyama vya ndani vinavimba kuliko mwanzo, unaweka tena, vinavimba tena. Kwa hiyo hapo huwezi kujua kipi ni ukuta na kipi ni dawa. Yaache. Ukishindwa kwa mkupuo acha tundu moja kwanza, likitulia acha la pili. Muulize daktari kuhusu sprei ya steroidi, ile ni ya kila siku na inaweza kuchukua wiki 2 kuonyesha kazi, ncha ielekeze upande wa sikio sio kwenye ukuta, utatoka damu. Osha pia na maji ya chumvi, ila yawe yamechemshwa yakapoa, ya bomba hivihivi hapana. Sprei hainyooshi ukuta, inapunguza uvimbe, na wengi wanapata nafuu hapohapo maana ukuta uliopinda kidogo watu kibao wanao na hawajui. Halafu muulize mkeo kama usiku unakata pumzi kabisa. Kama ndiyo, mwambie daktari, hilo upasuaji wa pua peke yake mara nyingi haulimalizi.

wa_tukuyu
Na usije ukauziwa unga wa kunusa wa "nyama za puani". Mdogo wangu alitumia, akatoka damu siku mbili. Mfupa haunyooshwi na unga.

kijana_uyole
Asanteni sana. Leo nimeacha tundu la kulia. Nimemuuliza mke wangu, anasema pumzi inakata, tena anasema huwa ananitikisa na hajawahi kuniambia. Jumatatu narudi kwa daktari. Dada wa Makambako, mimi napakia viazi, ulikaa muda gani bila kubeba mzigo?

mama_makambako
Wiki tatu, hata ndoo ya maji nilibebewa. Na kamasi nilikatazwa kupenga.