Jiwe lenye madoa meupe kutoka Malagarasi: je, ni zao la Bonde la Ufa?

Mwalimu wa Jiografia, Kigoma
Habari za leo, ndugu zangu. Wanafunzi wangu wameniletea jiwe zito la kijani iliyofifia, lenye madoa meupe yanayolingana na punje za mahindi, waliloliokota kando ya mto Malagarasi. Niliwaambia kuwa ni lava, lakini mmoja akauliza kama ilitoka wakati Ziwa Tanganyika lilipokuwa likifunguka, nami sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Chanzo cha mwamba wa kale namna hii hutambuliwaje?

Mjiolojia, Kasulu
Mpongeze mwanafunzi huyo, Mwalimu. Kwa maelezo yako, jiwe hilo linafanana na lava za Gagwe, ambazo wenzetu wa Burundi huziita za Kabuye. Umri wake ni takriban miaka milioni 800, ilhali ufa uliozaa ziwa letu haujafikisha hata milioni 30. Madoa hayo yalikuwa mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ilipokuwa ikiganda, kisha maji yenye madini yakapenya na kuyajaza. Wataalamu huzihusisha lava hizo na bara lililokuwa likivutwa na kukonda, katika zama ambazo bara kuu la Rodinia lilikuwa likipasuka.

Mkazi wa Nzega
Naomba kuongeza jambo, kwa kuwa rangi ya kijani hupotosha wengi. Huku kwetu Tabora, miamba ya volkano ya ukanda wa Nzega, yenye dhahabu, ina zaidi ya miaka bilioni 2.6, na ukijani wake umetokana na kupikwa na kukandamizwa ardhini hata madini yake ya awali yakageuka. Kwa sababu hiyo hatuamini sana sodiamu na potasiamu zilizomo, maana huhamishwa na maji; tunapima elementi za titani, zirkoni na niobi, ambazo hubaki mahali pake. Upungufu wa niobi huashiria kwamba bamba moja la dunia, yaani kipande kimoja kikubwa cha gamba lake, lilikuwa likizama chini ya jingine.

Mjiolojia, Kasulu
Ni kweli, ndugu yangu, ila hapo ndipo penye mtego. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inayopanda kupitia gamba nene la bara huyeyusha sehemu ya gamba hilo, na gamba lenyewe lina upungufu uleule wa niobi. Hivyo lava iliyotoka katikati ya bara inaweza kuonekana kana kwamba ilizaliwa kwenye ukingo wa mabamba. Kipimo cha maabara kisisomwe bila kutazama majirani wa mwamba. Juu ya lava za Gagwe kuna mawe ya chokaa ya Ilagala na miamba myekundu ya Manyovu, nayo haikupikwa kama ile ya Nzega. Kwangu mimi, ushahidi huo kwamba ilitoka ndani ya bara una uzito kuliko namba peke yake.

Mwalimu, kokoto ya mto husafiri mbali. Pandeni kuutafuta mwamba mama, yaani ule ambao kokoto hiyo ilimeguka kwake, mkate kipande cha ndani kisicho na madoa wala nyufa, kwa sababu kilichomo kwenye mapovu kiliingia baadaye. Angalieni pia mapovu yamejaa upande gani, kwani kwa kawaida huwa mengi karibu na uso wa juu wa kila mkondo wa lava.

Mwalimu wa Jiografia, Kigoma
Nashukuru sana. Jumamosi tutapanda na nyundo, na kila kipande tutakiwekea alama ya upande wa juu kabla ya kukiondoa.