Jukwaani najichora bila haya, mbona sendofu imenishinda?

Mwalimu wa Ujiji
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji, na kwa miaka 11 nimesimamia kikundi cha maigizo cha shule. Nimewazeesha watoto wengi kwa masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya mgando, nimewapa mvi kwa unga wa ngano, na mara kadhaa nimepanda jukwaani mwenyewe nikiwa nimejichora makunyanzi ya bibi kizee. Nje ya hapo sijawahi kutia hata wanja. Mwezi uliopita, siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa dada yangu, nilipelekwa saluni pamoja na akina mama wengine, na nilipoinuka kitini uso wangu ulikuwa mweupe kuliko shingo kiasi kwamba shangazi alinipita mlangoni, akarudi, akauliza kama mimi ni mgeni wa upande wa bwana. Wenzangu walicheka, mimi nilikwenda kunawa. Naomba kuelewa: kwa nini uso wa kubuni naubeba kwa raha mbele ya ukumbi mzima, lakini nikipambwa kama mimi mwenyewe najiona ninadanganya watu? Na mkono uliozoea kupaka kwa ajili ya jukwaa unawezaje kujifunza kupaka kwa siku ya kawaida? Harusi ni baada ya wiki tatu.

Fundi wa Isevya
Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kazi ya kuwapaka rangi waigizaji hapa Tabora, na sidhani kwamba suala ni udanganyifu. Ni umbali na mwanga. Taa kali za jukwaa humeza vivuli vya uso, ndiyo maana tunalichora upya tundu la jicho na bonde la shavu ili mtu wa safu ya mwisho aone. Rangi ya mafuta iliyouzwa na Ludwig Leichner, mwimbaji wa opera aliyeanzisha kiwanda chake Berlin mwaka 1873, iliwafaa waigizaji wa Ulaya kwa sababu hiyo hiyo, na tena iliwaepusha na poda nyeupe za madini ya risasi zilizokuwa zikiwadhuru. Sinema ilipoingia, kamera ilisogea karibu na rangi ile nzito ikaonekana ikipasuka usoni, hivyo mwaka 1914 mtengeneza vipodozi Max Factor akatengeneza iliyo nyepesi zaidi. Sasa fikiria shangazi yako mlangoni: yuko karibu kuliko kamera yoyote. Faundesheni, yaani rangi ya msingi ya uso, ijaribu kwenye taya, si kwenye kiganja, tena mchana ukiwa nje kivulini. Ile inayopotea kwenye ngozi ndiyo yako.

Mpambaji wa Mwanga
Pole mwalimu, ingawa nasi wa saluni tuna la kusema. Wapo wateja wanaoomba wenyewe kung'arishwa, na wapo wapambaji wenye chupa mbili tu za rangi, wote wapite humo humo. Poda nayo ina mambo yake: zile zenye silika nyingi, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga, hazionekani kwenye kioo, lakini taa ya kamera ikimulika, picha inatoka kama mtu amemwagiwa unga. Ila nakusihi, asitokee mtu akakushauri kutumia mkorogo wa kung'arisha ngozi ili shingo ilingane na uso. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na ngozi iliyoharibiwa navyo hakuna rangi inayoikalia vizuri.

Mjukuu wa Bibi Mwanja
Fundi amesema kweli kuhusu taa, lakini nadhani amelipita swali la kwanza. Bibi yangu alitia wanja kila Ijumaa, akiwa ameegemeza kipande cha kioo dirishani, na sisi wajukuu tulimtazama akivuta ule mstari kwa pumzi moja. Hakuna aliyesema bibi anadanganya. Mwalimu, jukwaani umekuwa ukijichora mwenyewe ukijua kila mstari umeuweka kwa sababu gani. Saluni ulichorwa, ukakabidhiwa uso wa mtu mwingine uende nao ukumbini.

Mwalimu wa Ujiji
Marahaba, Fundi, na nawashukuru nyote. Maneno ya Mjukuu yamenigusa, kwani ni kweli sikuulizwa chochote pale kitini, nami sikusema. Jioni tatu zilizopita nimekaa na wanja peke yangu. Siku ya kwanza mkono ulikandamiza kwa mazoea na nikatoka kama jambazi wa tamthilia yetu ya mwaka jana. Niliufuta kwa mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, ambayo huondoa hata masizi sugu, bali harufu yake ililala nami mpaka asubuhi. Jana nilivuta mstari mwembamba, nikaenda nao kununua dagaa, na muuzaji aliniita jina langu kama kawaida. Kesho saa nne nitazunguka maduka ya Mwanga, hapa Kigoma, nikitafuta chupa ya kujaribu kwenye taya langu, na kama Mpambaji yuko karibu na hapo, naomba aniruhusu nishike brashi mwenyewe.