Bustani ya Kijapani ya San Francisco: niliimaliza kwa dakika 20, nilikosea wapi?

Msafiri_wa_Nusu_Siku
Ndugu zangu, salamu. Mwezi uliopita nilipita San Francisco nikiwa na nusu siku tu ya mapumziko, nikaamua kuitumia katika bustani ya Kijapani iliyomo ndani ya Golden Gate Park. Nilipanda lile daraja la mviringo, nikapiga picha pagoda nyekundu, yaani mnara wenye paa juu ya paa, nikazunguka bwawa, na nilipotazama saa nikakuta zimepita dakika 20 na tayari nipo langoni. Walionisifia bustani hiyo wanasema walikaa humo saa mbili. Nitarudi huko kikazi wiki ijayo, nami naomba kuelezwa: bustani ya namna hii hutazamwaje?

Mkata_Matawi
Ndugu, ulitembea kama mtu apitaye bustani ya maua, ambayo huonekana yote kwa mtupo mmoja wa jicho. Bustani ya Kijapani hujengwa kwa kuficha: njia hupindishwa makusudi, kichaka au kilima kidogo kikaziba kilicho mbele, ili kila kona ikupe jambo ambalo hukuliona hatua tatu nyuma. Tazama pia mawe ya kukanyagia. Yamepangwa kwa nafasi zisizolingana, na kwa hiyo unalazimika kuangalia miguu yako. Ukifikia jiwe pana kuliko mengine, simama na uinue macho, kwani mara nyingi jiwe kama hilo limewekwa pale penye jambo la kutazamwa. Nami kwa kuwa kazi yangu ni kukata matawi, hukaa muda mrefu zaidi chini ya misonobari, ambayo sindano zake hupunguzwa kwa vidole, moja moja, hadi mwanga upenye kati ya tawi na tawi. Usiache pia sehemu ya bustani kavu, aliyoisanifu Nagao Sakurai mwaka 1953, ambamo mto ni changarawe na maporomoko ni mawe yaliyosimamishwa.

Bibi_Kumbukumbu
Mwenzangu amesema vyema, ila naona historia ya mahali hapo inastahili nafasi kubwa zaidi. Bustani ilianzia kwenye maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1894 mjini humo, na baada ya hapo mhamiaji Makoto Hagiwara aliitunza na kuipanua kutoka ekari 1 hivi hadi takriban 5, akiishi humo humo na familia yake. Alifariki mwaka 1925, familia yake ikaendelea, mpaka mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipoondolewa kwa nguvu pamoja na Wamarekani wengine wenye asili ya Japani na kupelekwa katika kambi za kizuizini. Nyumba yao ilibomolewa, na neno “Kijapani” likafutwa katika jina la bustani hadi mwaka 1952. Mwaka uliofuata ililetwa taa ya amani, iliyogharimiwa kwa michango ya watoto wa Japani. Itafute, wengi huipita wakikimbilia pagoda, ambayo nayo ni masalio ya maonyesho mengine, ya mwaka 1915. Ukitoka, soma kibao cha barabara iliyo mbele ya lango: tangu mwaka 1986 ina jina la ukoo wa Hagiwara.

Mapema_Ndio_Best
Mimi nina neno moja tu, nalo ni saa. Ingia lango linapofunguliwa. Kufikia adhuhuri watu hupanga foleni darajani, na daraja lile lina mwinuko mkali kiasi kwamba hupandwa kama ngazi, kwa mikono na miguu. Asubuhi, maji yakiwa yametulia, simama kando ya bwawa badala ya kupanda: nusu duara ya daraja na kivuli chake majini huungana kuwa duara kamili.

Msafiri_wa_Nusu_Siku
Nashukuru sana. Kivuli hicho sikukiona kabisa, kwa kuwa nilikuwa juu ya daraja nikipigwa picha. Swali la mwisho: ukungu wa asubuhi ukiwa mzito, niahirishe?

Mkata_Matawi
Usiahirishe. Ukungu nao huficha, tena bila kumlipa fundi. Vaa tu viatu visivyoteleza.