Mrejesho: kile kimmea cha kivulini msituni Amani

Wakuu, nimerudi na majibu. Niliuliza humu jina la kimmea chenye majani mviringo ya manyoya na maua ya zambarau, kimeng'ang'ania mwamba wa utelezi kando ya kijito, ndani ya msitu wa Amani, Muheza. Mdau mmoja akanishauri nisihangaike na ua peke yake, nitazame tunda.

Nimetazama, tena na mwongoza wageni mwenyeji wa kule. Ni urujuani wa Usambara, kwa jina la kitaalamu Saintpaulia. Katikati ya ua kuna vifuko viwili vya chavua, vya manjano kabisa, vimegandana. Tunda limenyooka. Ndugu zake wa jenasi (kundi la mimea) ya Streptocarpus, ambao nao hupenda kivuli, tunda lao limesokotwa kama skrubu. Hapo ndipo ubishi wa ni upi kati ya hiyo miwili ulipoisha, ingawa tangu 2015 wataalamu wameuingiza urujuani humo humo kwenye Streptocarpus, basi msishangae mkikuta majina mawili.

Na ndiyo, ndilo lile ua la chungu linalouzwa Ulaya! Mjerumani Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala Tanga, aliupeleka kwao, na mtaalamu wa mimea Wendland akaupa jina la Saintpaulia mwaka 1893.

Mlioomba niwabebee jani: samahani sana. Kweli jani moja tu linatosha kuotesha mche, lakini Amani ni hifadhi tangu 1997, huchumi bila kibali. Ulizieni kwenye vitalu vya maua mjini. Ukipata, usiuanike juani, majani yataungua.