Mume anakoroma halafu ghafla kimya kama kakata roho, hii ni kawaida?

mama_wawili_tabata
Jamani habari za usiku, naombeni msaada kwa anayejua. Mume wangu ana miaka 46, anakoroma tangu tunaoana na nilishazoea, nikisafiri hata usingizi siupati bila ile kelele 😅. Sasa tangu mwaka jana anakoroma weee halafu kimya, yani hapumui kabisa, namhesabia mpaka kumi na tano ndo anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye maji, kisha anaendelea. Asubuhi hakumbuki kitu, ila kichwa kinamgonga na mdomo mkavu. Juzi kwenye foleni ya Ubungo kasinzia na usukani mkononi mpaka wa nyuma wakapiga honi. Presha anayo, anameza dawa aina mbili na haishuki. Mama mkwe anasema ni jinamizi atafutwe mtu wa kumsomea, mwenyewe anasema uchovu tu. Nianzie wapi?

chizi_maarifa88
Pole shem, wangu nilimhamishia sebuleni, ndoa ikapona 😂😂

babu_wa_kigamboni
We hapo juu usimpoteze dada wa watu. Dada, hayo yote yalikuwa yangu. Kukoroma peke yake siyo ishu, watu kibao wanakoroma na wazima wa afya, cha kuogopa ni hicho kimya, madaktari wanaita sleep apnea, yani kukatika pumzi usingizini. Ukilala misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unakushtua uvute pumzi halafu unalala tena bila kujua kama uliamka, na mchezo ndo huo usiku kucha. Ndo maana unalala masaa nane unaamka kama ulikuwa unabeba zege. Mi nilikuwa naamka kukojoa mara nne nikajua kisukari, nimepima sukari mpaka basi, kumbe wapi.

Kipimo hakiumi. Nilifungwa mkanda kifuani, kimrija puani, kitu kama kibanio kidoleni, nikaambiwa lala. Wanahesabu kila pumzi inapokatika au kupungua kwa sekunde kumi au zaidi, kisha wanapiga hesabu ni mara ngapi kwa saa. Chini ya 5 uko poa, 5 mpaka 14 ni kidogo, 15 mpaka 29 ya kati, kuanzia 30 ni kali. Mi nilikuwa 34. Sasa nalala na mashine ya CPAP, inasukuma hewa puani ili koo lisijifunge. Wiki ya kwanza nilijiona rubani, nikawa naivua usingizini, saivi bila hiyo silali. Ubaya wake umeme ukikatika, hapo nalala ubavu na kuomba Mungu.

nesi_mstaafu
Mama, chukua futi ya fundi cherehani umpime shingo. Mwanaume ikizidi sentimita 40 inahesabika kwenye maswali ya madaktari, pamoja na kukoroma kwa sauti, kuchoka mchana, kuonekana anakata pumzi, presha, unene, umri kuvuka 50 na kuwa mwanaume. Jumla ni maswali nane, ndiyo kuanzia matatu siyo ya kupuuzia, na wa kwako kwa ulivyoeleza hata bila futi ana matano. Anzeni kwa daktari anayemtibu presha maana hii kitu inaipandisha, aandike rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili idara hiyo ipo. Kwa sasa bia za usiku aache, dawa za usingizi asiguse, asilale chali. Na gari aendeshe mtu mwingine, hapo sitanii.

mama_wawili_tabata
Sentimita 44!! Kumbe ndo maana kola hafungi hata harusini, mi nilijua ni mbwembwe. Jana nimemrekodi kwa simu, asubuhi nikamwekea asikilize. Kafika pale penye kimya katoa macho, akaniuliza "simu imeganda?" nikamwambia subiri. Ule mkoromo ulivyolipuka kaweka chai chini. Jumatatu tunaenda, naendesha mimi. Bima inalipa hicho kipimo?

babu_wa_kigamboni
Piga simu bima kabla hamjapima, waulize na mashine humo humo, maana kipimo na mashine ni mambo mawili tofauti. Na hiyo rekodi usifute, nenda nayo kwa daktari.

chizi_maarifa88
Sasa mmenitisha, leo namrudisha chumbani nimsikilize 😳