Nguvu za mauti anazo nani, Mungu au Ibilisi? Naombeni ushauri

Mtafutanuru:
Bwana asifiwe wapendwa. Mdogo wangu kafiwa na rafiki yake wa karibu, tangu hapo anasoma Biblia usiku kucha na jana kanibana na mistari mpaka nikakosa la kusema. Kumbukumbu 32:39 Mungu anasema yeye ndiye anayeua na kuhuisha, Waebrania 2:14 inasema mwenye nguvu za mauti ni Ibilisi, ukienda Ufunuo 1:18 funguo za mauti anazo Yesu. Sasa ananiuliza rafiki yangu kachukuliwa na nani? Na kama Yesu kashabatilisha mauti (2 Timotheo 1:10) mbona watu bado wanakufa? Nimjibu nini jamani, naogopa ataacha imani.

BabaNeema:
Usiishie 2:14 mkuu, shuka mstari wa 15 hapo hapo, unasema watu walikuwa watumwa maisha yao yote kwa kuogopa mauti. Ibilisi anawashika watu kwa dhambi na kwa hiyo hofu, sio kwamba yeye ndo anapanga leo afe nani. Msomee na Ayubu 2:6, Shetani karuhusiwa kumpiga Ayubu ila uhai kaambiwa asiuguse.

Kisima_2:
Baba Neema hapo kwa Ayubu angalia, maana sura ya 1 watoto wake wote 10 wanakufa na ruhusa ilitoka kwa Mungu. Dogo aliyefiwa ukimpa hiyo atakuuliza kwa nini aliruhusu, na kitabu chenyewe mpaka mwisho Ayubu haambiwi sababu.

MamaTumaini:
Kuhusu kubatilishwa, 1 Wakorintho 15 inaenda kwa hatua: Kristo kafufuka kwanza, walio wake watafuata atakaporudi (mst 23), na mauti ndo adui wa mwisho kuondolewa (mst 26). Kwa hiyo vita imeshaamuliwa ila haijaisha. Halafu ona, Paulo anaiita ADUI. Yohana 11 Yesu anajua kabisa anakwenda kumfufua Lazaro na bado analia pale. Mi ningemwacha kwanza amsimulie huyo rafiki yake alikuwaje, maswali ya nani kamchukua yasubiri kidogo.

Mtafutanuru:
Asanteni sana. Leo jioni naanza na Yohana 11, tusome wote wawili. Na la watoto wa Ayubu sitamficha, akifungua tu sura ya 1 ataliona mwenyewe.